Mkono wa Kumwinua Aliyeanguka

Kocha hakukaa chini. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyepita mikononi mwake, ukimwomba akueleze alikuwa mtu wa namna gani, ataanzia hapo hapo. Chai alikunywa amesimama. Kamba za viatu alifunga mguu ukiwa juu ya ukuta. Mvua ilipotufungia ndani ya kile kilichokuwa kinu cha kusaga unga hapa Migori, sisi tulijitupa kwenye turubai la mazoezi kama magunia, naye akasimama mlangoni akitazama matone mpaka yakaisha. Siku moja nilimwuliza kama hata usiku hulala amesimama. Hakucheka. Alisema, "Mgongo ni ya kitanda, nyara. Wewe unaona kitanda hapa?"

Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu. Alituita hivyo wanawake wote wa pale, hata mimi niliyekuwa na watoto wawili na duka langu la chakula cha mifugo.

Ajabu ni kwamba mchezo aliotufundisha ni wa chini. Jujitsu ni kushikana, na mtu aweza kulala chali akashinda, akamkaba mwenzake shingo au akamfunga kiungo mpaka mwenzake agonge turubai kukubali yaishe. Kufika huko chini kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumwangusha mwenzako. Ya pili ni kukaa mwenyewe kwa hiari yako, ukamvuta aje katikati ya miguu yako, ukampigania hapo. Hiyo ya pili huitwa kuvuta gadi, na kuna mabingwa ambao hawajui nyingine. Kocha aliiita kuomba kiti. Alikuwa na msemo wake: "Ardhi haiendi mahali. Haraka ya nini?" Alitufundisha kuangusha kwa mguu, kuangusha kwa nyonga, kuangusha kwa kumbeba mtu mzima mzima kama gunia la pumba, na tukishafika chini hapo somo liliisha.

Huenda ningemkumbuka kwa kucheka tu, kama tunavyowakumbuka walimu wenye vituko. Lakini yuko mwanamke huko Isebania, jina lake Boke, aliyekuwa mwanafunzi wake bora kuliko sisi sote, ambaye kwa miaka mingi amengoja kusikia sentensi moja kutoka kinywani mwa Kocha. Kila nikimfikiria yule mzee namfikiria na Boke, na kicheko kinakatika katikati.

Mchezo wenyewe aliuokota Nairobi. Alikuwa dereva wa lori la samaki, akitoa mbuta Homa Bay, na wakati wenzake wakilala chini ya lori kungoja mzigo ushuke, yeye aliingia kwenye ukumbi mmoja wa jirani akajifunza. Mimi husema, na nimemwambia usoni, kwamba kila siku alitoka kabla ya kipindi kwisha kwa sababu barafu ilikuwa inayeyuka, ndiyo maana alijua nusu. Alinijibu kwamba nusu ya juu ndiyo yenye kichwa.

Lakini kabla ya Nairobi kulikuwa na mchanga. Ujanani alipiga mieleka ya ufukweni, kijiji kwa kijiji, na sheria zake za moyoni zilitoka huko. Huko mgongo ukigusa mchanga umeshindwa, basi, hakuna rufaa. Na yule aliyeangusha ana deni la heshima: lazima ainame, atoe mkono, amwinue aliyeanguka. Asipofanya hivyo hapigiwi makofi, hata angekuwa amemrusha simba. Kocha alisimulia juu ya mtu wa nguvu aliyeshinda siku nzima na kurudi kwao bila hata mtu mmoja kumsindikiza, kwa sababu hakuinua mtu.

Hilo ndilo alilotufundisha kabla ya jingine lolote. Hata kusimama vizuri kulifuata baadaye. Mtu akiangusha tu, kabla vumbi halijatua, tulisikia kutoka mlangoni: "Mkono! Mkono wake!" Na tuliinama tukatoa mkono, tukavutana, tukaanza upya. Asubuhi mpaka adhuhuri, angusha, mkono, angusha, mkono. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na dereva wa samaki alilijua hilo kuliko sisi. Alitukunja tukiwa wabichi, tukakauka vile vile.

Nisimfanye mtu mbaya. Wakati ule mji mzima ulikuwa ukicheka wanawake wanaoshikana na wanaume kwenye kinu, yeye ndiye aliyetufungulia mlango. Turubai, ambalo lilikuwa la lori lake na chini yake tulitandika magodoro ya zamani, alilifua mwenyewe kwa sabuni ya unga kila Ijumaa, miguu mitupu, suruali imekunjwa magotini, watu wakipita wakimwuliza kama ameoa turubai. Kaka zake Boke walipokuja kumtoa dada yao kwa nguvu, kwamba Mkuria hawezi kuona binti yake akigaragazwa na Wajaluo, Kocha aliwapokea, akawapa soda, akamwambia mkubwa wao, "Vua viatu. Ukimwangusha, mrudishe nyumbani." Yule kaka alivua viatu. Boke alimwangusha, akainama, akampa mkono. Kaka akaushika mkono ule akiwa bado chini, akaanza kucheka, na kuanzia hapo yeye ndiye aliyekuja kumtazama kuliko wote.

Boke alikuwa msusi. Alifanya kazi saluni moja karibu na stendi, na mikono yake ilikuwa myepesi, yenye vidole vya kujua pa kushika bila kutazama. Kocha alimpenda waziwazi. Alimsindikiza mpaka kwenye gari la Isebania kila Boke alipokwenda kwao, akisimama dirishani kumkumbusha mguu wa kushoto uende wapi, abiria wengine wakidhani ni baba na binti wanagombana.

Sasa kuna kijana mmoja wa Nairobi. Alikuja Migori kwa kazi ya shirika fulani, akasikia kuna watu wanacheza, akaja na gi, vazi la mchezo wetu, nyeupe iliyopigwa pasi. Walipoanza na Boke, kijana aliketi. Aliketi tu, matako kwenye turubai, akaanza kujisogeza mbele kwa makalio, mikono imenyooshwa. Kocha alitoka mlangoni polepole, akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kijana, akakikalia. Hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akikaa mle ndani, na alikaa ili amcheke mtu.

"Haya," alimwambia. "Nimekaa pia. Tunaongea nini?"

Tulicheka mpaka machozi. Kijana aliona haya, lakini hakuwa na kinyongo. Kocha aliporudi mlangoni walianza tena, na mara hii Boke aliingia kwenye ile miguu kama panzi kwenye utando. Aligonga. Wakarudia, akagonga tena. Hakuna aliyekuwa amemgongesha Boke tangu alipokomaa. Alisimama akijifuta jasho, macho yanang'aa kama mtu aliyeonjeshwa chakula kipya.

"Kocha," akasema, "si utufunze hii?"

"Gani?"

"Ya kukaa. Huyu amenikaba tu hivi hivi, hata sijui ameanzia wapi."

"Ukitaka kukaa, kuna kanisa," Kocha akasema. "Kuna kwa mama mboga. Hapa tunasimama."

"Lakini nikimwangusha mtu anayejua hii, nitafanya nini naye?"

"Utampa mkono," akasema Kocha. "Ameanguka, donge? Si ndiyo?"

Boke alinitazama, mimi nikainua mabega. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nilisema kwa mzaha, nikimlenga Kocha. Alijifanya hajasikia. Masikio yake yalikuwa na hiyo kazi ya ziada.

Kuhusu kanisa hakuwa anatania. Alikuwa Msabato wa kweli, wa kuzima simu Ijumaa jua likizama. Mimi ni Mkatoliki wa Jumapili moja moja, na nilimsumbua sana juu ya hilo, maana mashindano yote duniani, sijui kwa nini, hufanywa Jumamosi. Yeye hakuwahi kumwona mwanafunzi wake hata mmoja akishindana. Alitufundisha mwaka mzima, akasafiri nasi, akalala mahali tulipolala, na asubuhi ya siku yenyewe akavaa koti na kushika Biblia akaenda kutafuta kanisa la karibu. Alituaga kwa maneno yale yale: "Nawaombea msimame."

Hata Nairobi ilikuwa hivyo. Boke alikuwa anapigania nafasi ya kwenda nje ya nchi na timu, na Kocha alikuwa ameshamwambia kila mtu wa stendi ya Migori. Asubuhi hiyo alimshika Boke mabega, akamwombea kwa Kijaluo, ambacho Boke alikielewa nusu, kisha akaenda zake kanisani. Mimi ndiye niliyebaki pembeni ya ulingo na chupa ya maji.

Mpinzani wake alikuwa mwanamke mrefu wa klabu moja ya mjini. Nilimwona akijaribu kuketi na Boke akimzuia, akimwinua kwa kola, akimkatalia kiti kama alivyofundishwa. Kisha Boke akageuka, akaingiza nyonga ya kushoto, na yule mrefu akapaa. Sijaona kitu kizuri hivyo tena. Ukumbi mzima ulisema "Eeeh!" kwa sauti moja, na mwamuzi akainua vidole viwili vya pointi.

Na Boke akarudi hatua moja, akatabasamu, akainama, akatoa mkono.

Hakuna aliyesimamisha mchezo. Kwa nini wausimamishe? Yule mrefu aliona mkono umeletwa, akafanya kile alichofundishwa yeye. Aliushika, akapandisha miguu, mmoja shingoni mmoja kifuani, akanyoosha. Nilipiga kelele, "Gonga! Boke, gonga!" Boke hakugonga. Uso wake haukuwa wa maumivu, ulikuwa wa mshangao, kama mtu aliyesalimia akatemewa mate. Kichwani mwake alikuwa ameshashinda, na aliyeshinda anagonga kwa nini? Kiwiko kililia. Nilikisikia kutoka nilipokuwa. Yule mrefu naye alikisikia, akaachia upesi, akaanza kulia kabla hata ya Boke.

"Nilidhani umekosea kushika," alikuwa akimwambia. "Aki, nilidhani umekosea tu. Ulikuwa unanipa mkono wa nini?"

Kocha alikuja jua lilipozama, Biblia kwapani, akatukuta kwenye korido ya hospitali. Boke alikuwa ameegemea ukuta, mkono umefungwa kifuani. Kocha alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza mimi, si yeye.

"Huyo mwingine alikaa?"

"Hapana," nikasema. "Boke alimwangusha. Kwa nyonga. Akampa mkono, yule akaushika."

Kocha aliguna. "Basi alishinda," akasema.

Alisema hayo na Boke yupo, anasikia. Boke aligeuza uso ukutani. Nadhani alingoja sentensi ya pili, na mimi pia niliingoja, na Kocha aliinamisha kichwa akaenda kutafuta wapi panauzwa chai. Safari nzima ya kurudi alisimama kwenye basi, ingawa viti vilikuwepo.

Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Lakini wengine wanaye mjukuu huyo nyumbani na hawamtambulishi kwa mtu. Boke alirudi saluni, mkono ukakataa. Kusuka ni kazi ya mikono iliyoinuliwa, na kiwiko chake hakikukubali kunyooka wala kukaa juu kwa muda. Akaenda kwao Isebania, anauza vitunguu vinavyovushwa kutoka Sirare, ng'ambo ya mpaka, kwenye kibanda kando ya barabara ya malori. Humo anakaa siku nzima. Nilipokwenda kumwona mara ya kwanza nilimpelekea salamu za uongo kutoka kwa Kocha, akazikataa hapo hapo.

"Usinidanganye, dada. Huyo hajanitumia salamu. Na hata pole sitaki." Alikuwa akitenga vitunguu vibovu kwa mkono wa kulia, wa kushoto umepinda mapajani. "Nataka aseme ni yeye alinifunza kutoa mkono. Hiyo tu. Kwa sababu watu wote hunicheka, ati Boke alipeana mkono yake mwenyewe kama mjinga. Hata kaka yangu. Mimi sikuwa mjinga. Nilikuwa nimefunzwa."

Nilimwambia Kocha. Nilimwambia zaidi ya mara moja, kwenye kinu, na mara moja mbele ya kanisa lake, jambo ambalo mkewe hakulipenda. Kila mara alibadilisha mazungumzo: bei ya mbuta, barabara ya Rongo, afya ya kuku wangu. Lakini kitu kimoja kilibadilika. Aliacha kuita "Mkono!" Mtu akianguka, yeye alikuwa anatazama nje. Sisi tuliendelea kutoana mikono kwa mazoea, na niliona mabega yake yakijikunja kila mara, kama anayesikia kijiko kikikwaruza sufuria. Hakutukataza na hakutuambia tuendelee. Iliniuma kumwona hivyo, na iliniudhi pia. Mtu aliyetufundisha kwamba kushindwa si aibu, kwamba unaanguka, unapewa mkono, unacheka, yeye mwenyewe hakuwa na ujasiri wa kuanguka mara moja.

Kisha nyonga yake ikaharibika, kwa kuendesha lori miaka mingi na kurusha watu. Akarudi kwao Homa Bay, na klabu ikafa taratibu. Kinu sasa ni stoo ya simenti.

Mwaka huu nilikwenda Homa Bay kutafuta omena, wale dagaa wa ziwani, za kusaga kwenye chakula cha kuku, nikaona ni dhambi kupita bila kumsalimu. Mkewe alinipokea mlangoni akitikisa kichwa.

"Karibu. Mzee yuko nyuma, anapigana na gunia."

Nilidhani ni mzaha. Nyuma ya nyumba, kwenye kivuli cha paa la jikoni, lilikuwepo lile turubai letu, limefuliwa, na juu yake Kocha amelala chali. Amelala chali! Miguu yake ilikuwa imekumbatia gunia la pumba, anajizungusha chini yake, anatweta, fimbo yake ya kutembelea imeegemezwa ukutani. Simu ndogo ilikuwa karibu na kichwa chake, ikionyesha video ya watu wakivuta gadi.

"Umeomba kiti," nikasema.

"Umechelewa kucheka," akasema. "Mke wangu alimaliza kucheka yote." Kisha akalisukuma gunia. "Kuja. Gunia haijui kutoroka. Jaribu kupita miguu yangu."

Nilikuwa na sketi ya safari. Mkewe alinirushia suruali ya kazi ya mzee, nikaivaa ndani, nikapiga magoti mbele ya mwalimu wangu. Nilitaka kumhurumia, na haikuchukua muda nikajua huruma si yangu kugawa. Nyonga ilikuwa mbovu upande mmoja, lakini upande wa pili ulikuwa macho. Nilisukuma, akanirudisha. Nilizunguka, mguu ukanikuta huko. Tulicheka wote wawili, na niliwaza, huyu angeweza kuyajua haya tangu zamani, angeweza kumfundisha, na kicheko kikanikauka.

Mwishowe nilichoka. Nilisimama, nikajifuta uso, na yeye akiwa bado chini nikainama, nikampa mkono.

Aliushika. Akapandisha miguu polepole kwa sababu ya nyonga, mmoja shingoni, mmoja kifuani, nikajikuta chini ubavuni mwake na kiwiko changu kimefungwa. Hakunyoosha. Aliukumbatia tu mkono wangu kifuani kwa mikono yake miwili, na nilihisi moyo wake ukipiga kwenye kifundo cha mkono wangu.

"Bado unatoa," akasema.

"Ulitufundisha wewe."

Kuku wa mkewe walikuwa wakidonoa pumba zilizomwagika. Kisha akauliza, akitazama paa, "Ile siku. Alimwangusha vizuri?"

"Vizuri sana. Ukumbi wote ulipiga kelele."

"Nyonga ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Na mkono yake," akasema, "siku hizi inanyooka?"

"Hapana, Kocha. Haunyooki."

Alifumba macho. Kwa mkono uliobaki huru nilichukua simu yangu, nikampigia Boke, nikaiweka sauti juu, nikailaza kifuani pake karibu na ule mkono wangu aliokuwa bado ameukumbatia.

"Dada, vipi," Boke akaitikia, na nyuma yake yakasikika malori ya mpakani.

"Boke. Nyara," Kocha akasema. "Ni mimi."

Nilisikia Boke akiweka kitu chini kibandani.

"Ni mimi nilikufunza kutoa mkono. Hukuwa mjinga. Ulifanya vile nilikufunza. Na hii ya kukaa uliniuliza, nikakataa kwa sababu sikuijua." Alivuta pumzi. "Niko chini, nyara. Mgongo yangu iko chini kabisa."

Sote watatu tulijua sheria za mchangani. Aliyegusa mgongo chini ameshindwa, na aliyemshinda anainama kumpa mkono. Lori likapiga honi huko Isebania. Nilisikia Boke akivuta kamasi.

"Sasa, Kocha," akasema, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniliza, "nikuinue na mkono gani?"

Kocha alikaza mikono yake juu ya mkono wangu. Hakuniachilia, na Boke naye hakukata simu. Mkewe alipotoka na chai alitukuta hivyo hivyo, tukisikiliza malori yakipita, akaweka sinia chini karibu nasi, akaketi.